Mwitika Amina Hakosi Fungu

Mwitika Amina hakosi fungu. Mmeisikia leo kwa Mzee Senkoro, na kwa jinsi mlivyoingia humu mkichekelea, naona mmeipenda. Huyu mwenzenu Eliakimu kasema hataki kwenda kwenye mkutano wa kuchagua mwenyekiti wa kitongoji, kwamba siasa ni uchafu na kazi ya Mkristo ni kuomba tu. Mzee akamjibu kwa methali hiyo, akajiendea zake. Nanyi mkadhani amemsifu. Mkadhani maana yake ni kwamba anayeitikia sala hupata baraka.

Kaeni. Kila mtu achukue ungo tuchambue haya maharage, maana hadithi hii siisimulii mikono ikiwa mitupu. Hunitia hasira mpaka leo. Methali hiyo inanuka kanisa lakini haikutoka kanisani. Ilizaliwa hapa hapa Mvungwe, kwa sababu ya mkutano wa kijiji, na aliyeisema kwanza hakuwa akimbariki mtu.

Enzi hizo kijiji chetu kiliishi kwa ndiva, lile bwawa la udongo na mawe lililoko kule juu mlimani. Babu zetu walilijenga ili maji ya kijito yakusanyike usiku, asubuhi yafunguliwe yateremke kwa mfereji hadi mashambani. Maji yalikwenda kwa zamu. Wa juu akimaliza hufunga, yakashuka kwa wa kati, kisha kwa wa chini. Mmoja tu akiyazuia njiani, wa mwisho hula vumbi.

Wa mwisho kabisa mferejini alikuwa Niwaeli, mjane mwenye watoto wadogo, wa kwanza akiitwa Elisifa. Shamba lake lilikuwa na udongo mzuri kuliko yote ya Mvungwe, mahindi na maharage yalisongamana humo hata pa kukanyaga hupati. Lakini bila mfereji lilikuwa si kitu. Kwa hiyo yule mama alijua jambo moja ambalo wengine walilichukulia kwa mzaha: mwenyekiti wa kijiji akiwa mtu wa haki, watoto wake watakula, akiwa mtu wa hila, hawatakula.

Mwenyekiti wa zamani alipofariki, kiti kilitamaniwa na Elinaja Kisaka. Huyu aliwahi kuwa mgawa maji. Katika siku zake zamu za watu wa chini zikawa zinapotea, na tangawizi yake yeye ikastawi hata wakati wa kiangazi. Wazee walimwondoa, wakamtoza faini ya beberu, watu wakala nyama, yakaisha. Watu wa Mvungwe ukiwapa nyama ni wepesi wa kusamehe.

Aliyempokea kazi hiyo ya kugawa maji alikuwa Kiangi. Hakuwa na maneno mengi, lakini maji yalifika. Misibani, sokoni, mtoni, kila uliyemuuliza alisema Kiangi ndiye awe mwenyekiti. Tatizo lilikuwa moja: mtu wa heshima hajitaji mwenyewe, lazima mwingine asimame alitaje jina lake. Na Niwaeli hakuweza kulitaja yeye. Mjane akisimama mkutanoni kumpigia debe mwanamume, kesho yake anaulizwa ana lake gani naye. Basi akamwendea Mzee Eliapenda, mzee wa kanisa, na Eliapenda akamhakikishia kwamba atasimama na kulitaja jina hilo waziwazi.

Kwa kuwa hakutaka kubahatisha, Niwaeli alikwenda pia kwa Mwinjilisti Yeremia. Huyo alikuwa baba yangu mzazi. Nawaambia mapema, msije mkanisikia nikimsema mkadhani nasengenya mtu baki. Nilimpenda baba yangu, lakini simsafishi.

Niwaeli hakumwomba achague upande. Alimwomba tu Jumapili ile awaambie watu kwamba kukaa kimya mkutanoni nako ni dhambi. Baba akamjibu kwamba kanisa haliingii katika mambo hayo, kwamba mamlaka hutoka juu, na Mungu akitaka Kiangi awe, atakuwa. Niwaeli akamwambia Mungu hatateremka uwanjani kutaja jina la mtu. Kazi hiyo kawaachia wenye midomo. Baba akatabasamu, kama alivyotabasamu daima mtu alipomwambia neno zito, akaahidi kuliombea jambo hilo.

Siku ikafika. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, na katibu mmoja alitumwa kutoka tarafani kuja kuusimamia. Siku hizo hapakuwa na karatasi za kura kwetu. Jina lilitajwa, watu wakaulizwa, wakikubali limepita. Katibu alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inatanda na njia yetu mnaijua. Akauliza nani anatajwa. Shemeji yake Kisaka akainuka upesi akamtaja Kisaka. Katibu akauliza kama kuna jina jingine.

Hapo ndipo palipokuwa pa Eliapenda. Eliapenda akatazama viatu vyake. Baadaye alisema alikuwa anangoja kuulizwa mara ya pili, kwa kuwa mzee wa kanisa hapaparikii maneno hadharani. Kisaka alikuwa ameketi karibu naye, Jumapili walikuwa washiriki wa meza moja ya Bwana, na Eliapenda hakutaka kuonekana mgomvi. Watu wote waliomtaka Kiangi nao walikuwa wanamngoja Eliapenda. Kila mmoja alikuwa na jina mdomoni, na kila mmoja alilimeza.

Kisaka hakuwa mjinga. Aliona kimya kile akajua hakitadumu. Akasimama, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba hapa Mvungwe hatufanyi jambo bila Mungu, hivyo anamwomba Mwinjilisti aliweke shauri hili mikononi mwa Bwana kabla ya kuendelea. Nani angekataa sala? Wakasimama wote, kofia zikavuliwa, macho yakafumbwa.

Baba akaomba. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea taifa. Kisha, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kumwombea yeyote aliyesimama mbele yake, akasema, "Bwana, tunakuletea mtumishi wako Elinaja, uliyemwinua kutoka miongoni mwetu. Mjalie hekima atuongoze vema."

Na watu wakaitika, "Amina." Waliitika kwa sauti moja, ile ile ya Jumapili, ambayo mtu huitoa huku akiwaza chungu alichokiacha jikoni.

Katibu alikuwa hajakaa hata kitini. Akaandika, akasema imepita kwa kauli moja, akaanza kufunga mfuko wake.

Niwaeli peke yake hakuwa amefumba macho. Akasimama.

"Ndugu Katibu, bado. Kuna jina la pili, la Kiangi."

Upande wa wanaume pakasikika vicheko, vile alivyoviogopa. Katibu akamtazama bila ubaya wowote.

"Mama, nimeuliza jina jingine mkanyamaza. Kisha mmesimama wote mkaitika. Nikaseme nini tarafani, kwamba watu wa Mvungwe wakisema Amina hawana maana nayo?"

Niwaeli akawageukia watu. "Jamani, mmeitikia sala au mmechagua? Semeni sasa, kabla hajaondoka."

Wanaume wakavaa kofia zao. Akamgeukia baba yangu. "Basi sema wewe, Mwinjilisti. Ulikuwa unaomba au ulikuwa unampigia mtu kura?"

Baba akatabasamu tena. "Mama Elisifa," akamwambia, "lililokwisha kuwekwa mikononi mwa Bwana hatumnyang'anyi."

Ndipo Mzee Eliapenda akapata sauti. "Amina haitapikwi, mama. Kaa chini." Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasema siku ile.

Niwaeli akakaa. Mvua ikaanza kudondoka, watu wakatawanyika.

Mnataka kujua kwa nini mkutano mzima ulishindwa kusema neno moja. Mama yangu alikuwapo, na aliniambia. Waliogopa kufuru. Waliona kwamba kuikana Amina iliyokwisha kutoka kinywani ni kumfanyia Mungu mzaha, hivyo wakaona heri wamchukue mtu wasiyemtaka kuliko kumwambia Mungu kwamba hawakuwa wanasikiliza. Yaani waliogopa kumkosea Mungu kwa kusema kweli, hawakuogopa kumkosea kwa kuitika wasichokijua. Mimi nimezeeka sasa na bado sijaona upumbavu uliovaa nguo safi kama huo.

Kisaka alipokwisha kukalia kiti, Kiangi aliondolewa kwenye ndiva akawekwa yule shemeji. Tangawizi ikapanda mlima na kushuka mlima. Zamu ya Niwaeli ikawa inasogezwa, mara mfereji umebomoka, mara kuna mgeni wa serikali, mara ameambiwa siku ambayo maji hayapo. Alikwenda kwa Kisaka kulalamika, na Kisaka akamwambia kwa adabu kabisa kwamba zamu zimepangwa na uongozi ulioombewa, akiona zimekosewa akamwulize aliyeomba.

Akamwuliza kweli. Baba akasema atamwombea.

Mahindi yake yalikauka yakiwa yamefika magotini. Alipanda tena, yakakauka tena. Akauza mbuzi, akauza jembe la pili, akawa anawapikia watoto majani ya maboga aliyookota kwenye mashamba ya watu. Na msidhani majirani hawakuona. Waliona, wakamletea unga kwenye vibakuli, wakaenda kanisani kila Jumapili kuimba. Lakini hakuna aliyekwenda tarafani kusema tulikosea, kwa sababu maji yalikuwa bado yanafika kwa wa juu na kwa wa kati, na mwenye maji hasikii kiu ya mwenzake.

Mwisho Niwaeli aliamua kushuka tambarare kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Asubuhi ya kuondoka kwake watu walijaa uani. Walikuja na ndizi, walikuja na machozi, na kila mmoja alikuja na lawama zake kwa Kisaka. Kisaka mchawi, Kisaka mnyama, Kisaka katumaliza. Mzee Eliapenda alikuwapo pia, akatikisa kichwa kwa huzuni akasema, "Kweli huyu mtu amelila shamba la mjane peke yake."

Niwaeli alikuwa ameinama anafunga mzigo. Hakuinuka.

"Hakulila peke yake, Mzee. Mwitika Amina hakosi fungu. Kila aliyeitika pale uwanjani ana fungu lake katika shamba hili. Mimi naondoka, gawaneni."

Hakupaza sauti. Mama aliniambia kwamba angepaza wangepata pa kushika, wangesema ana hasira, wangesema ana kiburi. Alisema kama mtu anayewaonyesha wageni pa kukaa.

Baba akakohoa, akasema basi tuombee safari. Akaomba, na mara hii aliomba vizuri kweli, aliombea watoto mmoja mmoja kwa majina. Alipomaliza akangoja. Hakuna aliyeitika. Watu walitazamana, midomo imefungwa, kila mmoja anapima kama neno hilo litamgharimu kitu. Sala pekee iliyostahili Amina ya moyo haikuipata, na baba akaisema mwenyewe, kwa sauti ndogo. Niwaeli akajitwika mzigo wake, akawashika watoto, akashuka. Hakurudi tena huku juu, na sijui kaburi lake liko wapi.

Sasa mnangoja niwaambie Kisaka alipigwa na radi. Hakupigwa na kitu. Aliongoza mpaka mvi zikamjaa, na kila uchaguzi wake ulifunguliwa kwa sala. Alizikwa na kwaya mbili. Baada ya wa chini kukauka walikauka wa kati, na walipokauka wa kati hawakuona sababu ya kupanda mlimani kuzibua matope ya maji wasiyoyanywa, hivyo ndiva ikajaa nyasi kama mnavyoiona. Baba yangu alikufa akiheshimiwa na watu wote. Alikuwa mpole, hakuiba, hakumpiga mtu. Lakini hakushuka tambarare hata siku moja kumtafuta yule mama, na mimi sijamsamehe kwa hilo.

Sijasema msiombe. Mimi mwenyewe naomba kila uchao, na Amina kwangu bado ni neno tamu. Ila maana yake ni "na iwe hivyo", Eliakimu, na mtu anayesema na iwe hivyo hawezi kesho kusema sikuwapo. Wewe usipokwenda kwenye mkutano wa kitongoji, sala yako itakwenda bila wewe, na kuna mjanja mmoja tayari anajua pa kuisimamisha imfae yeye.

Unauliza shamba lenyewe lilikuwa wapi. Mnalijua vizuri kuliko mimi. Ni pale chini mnapochezea mpira. Ninyi mnapaita uwanja, na mwaka hadi mwaka mnalalamika kwamba hapaoti hata jani na vumbi linawaingia machoni. Hapajawahi kuwa uwanja. Palikuwa na mahindi na maharage hata pa kukanyaga hupati. Hilo vumbi mnalorudi nalo nyumbani jioni, mama zenu wakalifua, ni mafungu ya babu zenu, na bado hayajaisha.

Mwitika Amina hakosi fungu.