Sikudhani Aliyelilisha Zimwi Moshi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu, niwape ya mfinyanzi na zimwi.

Hapo kale, chini ya mlima wenye msitu mzito, aliishi mfinyanzi jina lake Sikudhani. Vyungu vyake vilikuwa vizuri, lakini vingi vilipasuka motoni.

Siku moja akichoma vyungu, likamtokea zimwi, kimo cha mbuzi. Likasema, "Chakula changu ni moshi. Nipe moshi, vyungu vyako havitapasuka tena. Lakini usimwambie mtu."

Sikudhani akakubali. Akakata mti, akauchoma ukiwa mbichi. Zimwi likavuta moshi wote puani, na vyungu vikatoka vizima.

Likarudi, kimo cha ng'ombe. "Moshi zaidi." Akakata miti kumi.

Likarudi, kimo cha nyumba. "Moshi zaidi." Akakata miti mia.

Mwishowe likajaa mlima mzima, likaketi kileleni, na tumbo lake likaziba njia ya mawingu.

Basi mvua ikakoma. Kisima kikakauka, watu wakawa wanateka maji bonde la mbali. Huko ndiko alikoteleza Bi Mwanaheri, bibi aliyemfundisha Sikudhani kufinyanga. Akavunjika nyonga, asitembee tena.

Sikudhani alipokwenda kumjulia hali, bibi akasema, "Mwanangu, sijui tumekosa nini mpaka mvua imetukimbia."

Sikudhani akatazama chini. Tangu mvua ikome hakuwa akilala vizuri.

"Bibi, ni mimi," akasema, na akaeleza yote.

Bi Mwanaheri akasema, "Usiniambie mimi peke yangu. Nenda ukawaambie wote."

Akaenda kisimani, mbele ya watu. "Ni mimi niliyelilisha zimwi."

Wakamtukana. Mmoja akamtemea mate miguuni. Lakini Mashavu, mkulima wa mihogo, akasema, "Na mimi nilichoma msitu nipate shamba. Moshi wangu nao limeula."

Na wengine nao wakaanza kusema yao. Basi wakakubaliana: hakuna kuchoma msitu tena, na kila nyumba ipande miche.

Zimwi likashuka. "Moshi zaidi."

"Hatuna," wakajibu.

"Moto uko vijiji vingine," likasema, likaenda zake.

Na kweli, ng'ambo ya mlima moshi ulikuwa ukipanda kutoka vijiji vitatu. Sikudhani na Mashavu wakafunga safari.

Kijiji cha kwanza Sikudhani akasema, "Ni mimi niliyelilisha zimwi." Wakamfukuza.

Kijiji cha pili akasema, "Ni mimi niliyelilisha zimwi." Wakamcheka.

Kijiji cha tatu akasema, "Ni mimi niliyelilisha zimwi." Mhunzi mmoja akaweka nyundo chini. "Kwangu pia lilikuja," akasema, "nami nikanyamaza."

Mhunzi akafuatana nao. Wakarudi kijiji cha pili, wakarudi cha kwanza. Walifukuzwa tena, wakarudi tena, hata wakasikilizwa.

Basi mioto ya msituni ikazimwa kote. Zimwi likashikwa na njaa. Likawa kimo cha nyumba, likawa kimo cha ng'ombe, likawa kimo cha mbuzi, likaondoka. Wapi lilikwenda, hakuna ajuaye.

Mawingu yakapita. Mwaka ule mvua ilikuwa haba, nusu ya miche ikafa. Wakapanda mingine. Mwaka wa pili kisima kikaanza kutoa maji, kidogo kidogo.

Kila asubuhi Sikudhani alimpelekea Bi Mwanaheri maji. Siku moja akauliza, "Bibi, umenisamehe?"

"Nilikusamehe zamani," bibi akasema. "Lakini nyonga yangu ni ileile. Weka maji hapo, kisha unibebe nje nikaione hiyo miche."

Sikudhani akainama, akambeba mgongoni.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokomea. Nanyi wanangu, mtu akiharibu, aseme mapema, kisha ashike jembe atengeneze pamoja na wenzake.