Mkeka wa Bi Mwanapili na Simu Iliyosoma Kitabu

Haya, nimewasikia. Maharage hata hayajachemka, bibi hadithi, bibi hadithi, utadhani nimemeza redio. Simu zenu zinaongea kutwa, lakini hadithi lazima itoke kwa mwenye meno manne. Basi nitasimulia. Atakayesinzia ataosha masufuria.

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi kuoa, ni zamani ya juzi hivi, simu zikiwa zimeshajua kusoma, paliondokea mwanamke mmoja huko Muheza akiitwa Bi Mwanapili. Kazi yake kusuka mikeka, raha yake kusoma. Alikuwa na kitabu kimoja kinene, jalada limeshang'oka, kinachomhusu mke aitwaye Zena. Mume wa Zena aliondoka miaka kumi na miwili, bila barua hata moja. Kitabu kilipofika siku mume anarudi, yuko njiani na mzigo wake, ndipo macho ya Bi Mwanapili yakazimika. Hospitali wakasema basi.

Miaka tisa akakaa hajui. Je, Zena atamfungulia yule mwanamume mlango? Anasuka, anawaza mlango. Anakula, anawaza mlango. Walijaribu kumsomea. Wifi yake, Semeni, huruka kurasa kama anaruka madimbwi. Mdogo wake, Mbelwa, aya mbili tu anakoroma.

Siku moja akasema, "Mnauona mkeka ule? Ukindu wa rangi tatu, nimeusuka miaka miwili. Atakayenifikisha mwisho wa kitabu hiki ni wake. Mtu mmoja tu. Mkeka wangu siukati vipande."

Wa kwanza kuamka alikuwa Semeni. Akakitandaza kitabu uani, akakipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Shingo ikakakamaa, mchuzi ukaungua mara mbili, mume akanuna. Akamkabidhi wifi yake simu. Bi Mwanapili akapapasa kioo.

"Picha," simu ikasema.

Akapapasa tena. "Picha."

"Wifi, umeniletea simu yenye neno moja?"

"Mimi nimepiga," Semeni akasema. "Kuongea ni kazi yake."

Wa pili alikuwa Mhina, fundi simu. Alifunga kibanda chake siku tatu akizigeuza zile picha ziwe maandishi ambayo simu inaweza kuyasoma. Siku ya kwanza simu ikasoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka jana. Bi Mwanapili akauliza, "Huyu bwana ana kiazi cha moto mdomoni?" Mhina akatafuta sauti nyingine, ya mwanamke, inayotamka vizuri. Akamfundisha vidole: gusa usikie, gonga mara mbili ufungue, hivi isome bila kusimama, hivi inyamaze.

Haikuwa tamu moja kwa moja. Simu ilisoma na namba za kurasa humohumo katikati ya maneno: "Zena akamwambia mia moja na kumi na nne mama mkwe wake." Mtu akipiga, mahali panapotea, bibi anaanza sura upya huku anamlaani mpigaji na ukoo wake. Lakini alizoea. Akaiongeza kasi, akaiongeza tena, hata wapita njia wakadhani kuku wanagombana. Mwenyewe anasikia kila neno, na ukili wa mkeka unakwenda mkononi.

Akafika mwisho. Mume yuko nje, anabisha hodi. Simu ikasoma: "Zena akashika komeo la mlango, akavuta pumzi, na."

Ikakatia hapo. Bi Mwanapili akagonga.

"Mwisho," ikasema simu.

"Mwisho gani wa na?"

Akagonga, akagonga. Ukili ukamdondoka. Miaka tisa, halafu na! Semeni akakipekua kitabu: karatasi ya mwisho haipo.

Wa tatu alikuwa Chausiku, jirani, aliyekuwa pale akichambua mchicha. Aliuona uso wa bibi unavyoporomoka. Akasema, "Aa, kitabu hicho! Tulikisoma shuleni. Zena akafungua. Akampa mume kigoda, akampa maji, akamwacha anywe amalize. Kisha akamwambia: nimekungoja mpaka kungoja kukawa kazi, na kazi nimeshaacha. Nenda kwa mama yako. Akafunga mlango."

Bi Mwanapili akapiga makofi, akacheka mpaka akafuta macho. "Nimefika!"

Basi zogo likaanza.

Semeni: "Mkeka wangu. Bila mimi kitabu kingekuwa chakula cha mchwa."

Mhina: "Mkeka wangu. Bila mimi angesikiliza neno picha mara mia tatu na kumi na mbili."

Chausiku: "Wangu. Ninyi mmemfikisha kwenye na. Mimi nimemfikisha mwisho."

Hapo akaingia Mbelwa, kasikia habari ya karatasi iliyokosekana. Mkononi kashika kifurushi kidogo, macho chini. "Dada, niliichana mimi. Nilifungia mbegu za bamia mwaka ule ule macho yalipokwenda. Nilidhani asiyeona hana haja na kitabu."

Mbegu zenyewe, miaka tisa, hazijaonja udongo.

Mhina akaipiga picha ile karatasi, simu ikasoma: "Polepole akaliachia. Akarudi kitandani. Mume akabisha mpaka mkono ukachoka. Zena akazisikiliza nyayo zake zikienda, mpaka zikaisha."



"Chausiku," Bi Mwanapili akasema, "ni shule gani hiyo mliyosomea kigoda?"

"Ulitaka mwisho, bibi, nikakupa. Na ulicheka, usikatae. Huu wa kweli umekuchekesha?"

Bi Mwanapili akauokota ukili wake. Mbelwa naye, bila haya, akadakia, "Basi wa kweli nimeuleta mimi. Mkeka wangu."

"Wewe kaa hapo," dada yake akamwambia.

Akamlipisha hivi. Kila alasiri akae chini, kwenye mchanga, asikilize kitabu kizima tangu ukurasa wa kwanza, simu ikisoma kwa mwendo wa kobe, na namba za kurasa humohumo. Akikoroma, sura inaanza upya. Alikoroma mara nane. Siku kumi na nane alilipa, makalio yakafa ganzi. Siku ya mwisho, Zena aliposhika komeo, Mbelwa akaruka juu akapiga kelele, "Mfungulie, mama we, mfungulie!" Simu haikumsikiliza, ikaendelea kusoma.

Mkeka mpaka leo umeviringishwa, umeegemea ukuta. Semeni aliyepiga picha, Mhina aliyeipa simu ulimi, Chausiku aliyedanganya akamfuta bibi machozi, au Mbelwa aliyechana na akarudisha? Ninyi mnaocheka, nijibuni kabla sijaipua sufuria: je, mkeka alistahili nani?