Majani ya Kusifiwa na Wapita Njia

Akina mama, kulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa. Simtaji jina, na ninyi mlioanza kugeuka mtazame mbele.

Alipanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kando ya njia ya kanisani. Yakakubali mpaka yakapita paa la banda. Watu wakitoka ibadani wanasimama: "Aisee, huyu mama ana shamba!" Maneno yale yakamkolea kuliko chai ya tangawizi. Akawa anakata kidogo tu kule nyuma, na huku mbele anayaacha yarefuke, yatoe na maua, yaonekane.

Jirani yake alikuwa na majani mengine, mafupi ya kufika magotini, yamechanganyika na mikunde inayotambaa. Mzigo wake kichwani mdogo, utadhani anakwenda kulala kwa dada yake siku moja.

"Shoga, hayo ya ng'ombe au ya sungura?" mwenzetu akamtania.

"Ya ng'ombe. Nimemuuliza, hajalalamika."

Sasa, ng'ombe wa mwenzetu alikuwa wa kukopeshwa na kikundi, na taratibu yetu mnaijua: ndama jike wa kwanza unamtoa kwa mwingine asiye na kitu. Mjane mmoja alishajenga banda, anangoja. Na ndama mwenyewe? Mbavu nje! Anavuta chuchu, anaachia, anavuta tena, hakuna kitu. Majani yanaingia bandani mzigo mzima, mabua yanatoka mzigo mzima.

Jumapili moja, wasifiaji wamejaa njiani, ng'ombe akasukuma mlango akatoka. Akapita katikati ya mabingobingo, hata shingo hakugeuza, akaenda kuinamia majani ya jirani. Ndama nyuma yake. Mwenzetu alivuta kamba mpaka kilemba kikadondoka.

"Kumbe mbegu yangu mbaya?" akanong'ona.

"Mbegu nzuri mno, inazaa kuliko yangu. Ila umeiacha ikazeeka. Ikifika kiunoni, kata. Wewe unamlisha fito za kujengea!"

"Nikikata, watu wataona nini?"

Jirani akamtazama ndama.

Kesho yake panga likaingia. Akafyeka mbele yote, vikabaki visiki. Jirani akamgawia mikunde ya kuchanganya, na mabingobingo yalipochipua yakafika kiunoni, akakata tena. Wapita njia wakasikitika: "Masikini, kafilisika." Wala hakuwasikia. Alikuwa bandani, ndoo katikati ya magoti, povu linapanda, na ndama wa mjane anaruka huku na huku kwa shibe.

Mnacheka? Haya, sasa sisi.

Sisi tunaosali kwa sauti mpaka wenzetu wanasinzia, tunaotoa mchango mpaka utangazwe kwenye kipaza sauti, tunamlisha nani? Yule mkwe uliyemvika kitenge kizuri ili watu waseme, umewahi kumuuliza kama amekula? Yule mama mgonjwa tuliyempelekea ugeni wa watu wengi na nyimbo nyingi, nani alibaki kumchotea maji?

Mungu wetu hapiti njiani akasifu urefu. Yeye huingia moja kwa moja bandani, akapapasa mbavu za ndama.

Basi leo ukifika nyumbani, usisimame nje kusikiliza watu wanasemaje. Chukua panga lako, mama. Kata.