Injini Yenye Homa

Tajiri Magesa, mtu mkweli kupindukia, aliwaapia waliokuja mwaloni, ufukweni pa wavuvi, kununua boti yake kwamba injini yake ya dizeli haijawashwa tangu juzi, lakini ingewaka mara moja. Nyanjura, mchuuzi wa dagaa, akaigusa. Ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji.

“Maskini, imelala na homa.”

“Ni jua tu hilo!” tajiri akasema.

“Basi bahati mbaya. Kuna mradi unafunga injini mpya kwenye boti zenye injini mbovu. Nzima hawazitaki.”

“Mbovu hii!” tajiri akadakia. “Nisipoipasha moto tangu alfajiri haiwaki, na oili inakunywa kuliko dizeli!”

Wanunuzi wakaondoka mmoja mmoja.

“Mradi wenyewe wa nani?”

“Wangu,” akajibu Nyanjura. “Injini mpya ninayo nyumbani, boti ndiyo sina. Na wewe umebaki na mnunuzi mmoja.”