Vyungu Sita vya Tusekile

Makofi hayachomi chungu. Mlimsikia yule mama muuza maandazi akiwatupia maneno hayo mlipokuwa mnatoka ukumbini, kila mmoja na kijitabu chake kwapani, nanyi mkageuza nyuso mkajifanya mnatazama barabara. Msigeuze. Mnajua mmetoka kumpigia makofi yule kocha wa mafanikio humo ndani. Na wewe unayesoma unajua pia, maana bango lake lile lile limebandikwa mtaani kwenu, nawe unalipita kila siku kama huna macho. Sasa mnauliza methali hii ilitoka wapi. Afadhali mmeuliza. Ilitoka kwa mwanamke mmoja na vyungu vyake sita.

Tusekile alikuwa mfinyanzi wa kwetu Lukwale, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na mlima hata mbuzi wake hulala kimshazari. Huko kwetu binti haolewi mpaka mama yake apeleke kwa wakwe vyungu sita alivyovifinyanga na kuvichoma kwa mikono yake mwenyewe. Vyungu hupangwa uani, hutiwa maji mbele ya watu wote, na watu hungoja. Kisipovuja hata kimoja, vigelegele. Kikivuja kimoja, vyote hurudishwa, na harusi husogea mpaka baada ya mavuno mengine.

Binti yake, Anyisile, alikuwa aolewe Jumamosi. Lakini mama mtu alikuwa amelala na homa majuma mawili, akainuka amechelewa. Vyungu alivifinyanga upesi, ila mvua ilikuwa haikatiki, na udongo hauna haraka ya mtu. Chungu hukauka kivulini siku tisa, siku kumi, polepole, mpaka unyevu wote ukitoke tumboni, ndipo kionje moto. Vya Tusekile vilikuwa na siku nne. Alikuwa ameshajifunga kitenge kizuri aende kwa wakwe kuomba wiki moja zaidi, aibu ikimla, ndipo mvua ilipoanuka kidogo, akasikia kipaza sauti uwanjani.

Alikuwa mgeni aliyejiita Kocha Jasiri. Suruali nyeupe, viatu vyeupe, katika kijiji cha matope! Alipanda juu ya meza akawaambia watu kwamba umaskini wao umo vichwani mwao, na kwamba dunia humpisha mwenye kuthubutu.

"Subira ni jina la heshima la woga!" akanguruma. "Pigeni makofi kama mmeamka!"

Wakapiga. Tusekile alipiga mpaka viganja vikamwasha. Na ilikuwa raha, tusidanganyane. Tangu augue hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anaweza. Akamtoa jogoo wake, akapewa kijitabu chenye picha ya Kocha mbele na picha ya Kocha nyuma.

Kwa wakwe hakwenda tena. Mchana ule ule akaanza kupanga vyungu vyake juu ya kuni. Wifi yake Subilaga, mfinyanzi mwenzake mwenye ulimi kama upupu, akamshika mkono.

"Wifi, vyungu hivi bado vina maji. Vipapase tumbo, vya baridi."

"Hayo ni mawazo ya walioshindwa."

"Mwee! Na hayo umeyaokota wapi? Asubuhi ulikuwa unaongea kama mtu."

Kocha mwenyewe akaja kushuhudia, kijiji kizima nyuma yake. Nyasi zikawashwa. "Uambie moto wewe ni nani!" akamwamuru, na makofi yakapanda pamoja na moshi. Tusekile akauambia moto yeye ni nani. Moto ukajibu: puu! Cha kwanza. Puu, puu! Vigae vikaruka, kuku wakatawanyika, mzee mmoja akajikinga kwa kijitabu. Cha sita kilitulia kidogo, kama kinachofikiri, kisha nacho kikaenda.

Makofi yakakoma. Tusekile akaketi pale pale matopeni. Harusi ya mwanawe ilikuwa imelala mbele yake, vipande vipande.

"Kocha," akasema taratibu, "nimefanya kama ulivyosema."

"Hapana, mama. Ulikuwa na shaka moyoni. Chungu hupasuka kwanza kichwani mwa mwenyewe."

Hapo Subilaga akacheka. Akaingia ndani kwake akatoka na chungu chake kilichokauka vizuri, ila hakijaona moto.

"Keti kigodani hapa, baba. Wewe huna shaka, sivyo?"

"Hata chembe!"

"Vizuri sana. Hiki hapa hakijachomwa, kipakate. Sisi tutapiga makofi, wewe utaamini, halafu tutatia maji. Kikiyashika, kila nyumba itachukua vijitabu viwili."

Angekataaje mbele ya kijiji kizima? Akapakata. Wakampigia makofi kwa mdundo, wanawake wakaongeza na wimbo, na Subilaga akamimina maji ya kibuyu kizima. Chungu kikayanywa kwa adabu. Kisha mbavu zikalegea, kitako kikamwachia, na uji wa udongo mwekundu ukateremka juu ya suruali nyeupe mpaka ndani ya viatu.

"Amini, Kocha, amini!" watu wakapiga kelele. "Una shaka wewe!"

Tusekile akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, yeye ambaye nusu saa kabla alidhani hatacheka tena mwaka ule.

"Makofi hayachomi chungu," akasema, akijifuta machozi. Akainuka, akanyoosha mkono. "Jogoo wangu."

Nyuma yake wakajipanga wengine wote, kila mmoja na kijitabu chake mkononi. Jogoo akarudi, na kuku wakarudi, na samaki wakavu pia.

Tusekile akaenda kwa wakwe na matope yake. "Nimevivunja vyote," akawaambia, "kwa haraka ya kuazima. Nipeni siku kumi na nne." Mama wa bwana harusi, naye mfinyanzi, alikwisha kusikia kisa cha suruali na hakuweza kusimama wima kwa kicheko.

"Ungeniletea vya siku nne ningekukatalia, mwenzangu. Chukua siku zako."

Siku ilipofika, vyungu sita vilitiwa maji uani. Watu wakangoja, Anyisile ameshika mkono wa mama yake kwa nguvu. Halikutoka hata tone. Vigelegele vilisikika hadi mlimani, na ngoma haikulala.

Tangu hapo wamepita Lukwale makocha wengi, kila mmoja na suruali mpya. Hatujamsahau hata mmoja wao. Hakuna aliyeuliza kwa nini barabara haijatufikia, wala kwa nini zahanati haina dawa za homa. Wote walituambia kosa limo vichwani mwetu, kisha wakatuomba makofi.

Makofi hayachomi chungu. Sasa mmeelewa, basi mnakaa mnafanya nini? Yule wa leo bado anapakia spika zake garini. Rudini, na wewe unayesoma ufuatane nao, mumuulize mbele ya watu wote: yeye amewahi kuchoma nini kwa mikono yake? Ondokeni, kabla hajawasha gari!