Kucha za Riziki

Haya, mpo? Kama mpo itikieni, msikie yaliyompata Sikudhani!

Sikudhani aliolewa na zimwi bila kujua. Mchana mumewe alikuwa mtu kama watu. Jioni humgeukia mkewe kwa kipigo, na binti yao Riziki, wa miaka sita, akichungulia nyuma ya mlango.

Kipigo cha kwanza, kucha ndefu zilimwota Riziki, akamkwaruza mbuzi. Cha pili, meno makali yakamwota, akamng'ata mtoto wa jirani. Cha tatu, lo! Alimwinulia mamaye mkono, akanguruma kwa sauti ile ile ya babaye: "Nyamaza wewe!"

Hapo Sikudhani akatambua. Vipigo alivyovumilia kwa ajili ya mwanawe, kumbe ndivyo vilivyokuwa vikimla mwanawe!

Akachukua debe, akatoka uani, akalipiga kwa nguvu zote. "Jamani, mume wangu ni zimwi! Ananipiga! Njooni!"

Kijiji kizima kikaja mbio. Kila sauti zilipopaa, "Zimwi! Zimwi!", ngozi ya mtu ilimpasuka yule mume, hata akabaki manyoya matupu. Akatimka porini, asirudi tena.

Na kucha za Riziki? Hazikuanguka siku ile. Zilianguka moja moja, na meno yakipungua ukali, mwezi baada ya mwezi, katika nyumba tulivu. Siku moja mwenzake alimpokonya mdoli. Riziki akainua mkono, akautazama, akaushusha.

"Mama, nimekasirika!" akalia.

"Njoo, mwanangu. Nieleze."

Ukucha wa mwisho ukadondoka. Niliwaacha hapo hapo wakizungumza, nikaja kuwaambia ninyi.