Nakijwa Achungulia Tanuri

Semeni "tumekaa," niseme "nimeanza."

"Tumekaa!"

Nimeanza. Zamani hizo, wanangu, kabla udongo haujawa udongo, palikuwa na mhunzi wa angani, jina lake Senkoro. Tanuri lake ndilo lililokuwa nyota. Mkewe, Nakijwa, ndiye aliyevukuta mivukuto. Alivukuta, akavukuta. Moto ukaifinya hewa nyepesi kuliko zote, ikawa nzito. Ukafinya tena, ukatoka mkaa. Ukafinya tena, ikatoka hewa hii tunayovuta. Ukafinya tena, ukatoka mchanga. Kila mara joto likazidi, na binti yao Nanzia akalala bila kujifunika.

Mwiko ulikuwa mmoja: anayevukuta hachungulii kinywa cha tanuri.

Siku moja joto likapungua. Nakijwa akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Mbona amesimama pale, ameziba kinywa cha tanuri kwa mgongo?

"Baba Nanzia, unaficha nini humo?"

"Chuma tu."

"Chuma! Chuma ndicho unachokilinda kama mwali?"

"Chuma kinakula moto, mke wangu, hakirudishi. Usivukute tena. Naenda kutafuta mahali pa kujenga tanuri jingine."

"Nenda," akasema. Moyoni akasema: ana kitu kizuri humo, na ana wa kumpelekea.

Wewe Tunu hapo, usicheke. Nani alipekua mkoba wa dada yake jana?

Senkoro alipoondoka, Nakijwa akachungulia. Akaona donge jeusi. "Ahaa! Amekificha ndani ya hili!" Akamfunga mtoto mgongoni, akavukuta kwa nguvu zote ili aliyeyushe. Donge likala moto. Likala, likala, likala.

"Acha, mama Nanzia! Kimbia!" Senkoro alikuwa anarudi mbio.

Akakimbia. Tanuri likajiangukia lenyewe, kisha puuu! Likapasuka. Kufumba na kufumbua vikazaliwa vitu visivyopata kuwako: madini ya fedha, ya risasi na ya dhahabu. Vikatawanyika angani, vikachanganyika na vumbi ambalo baadaye lilifinyangwa likawa dunia.

Nakijwa akasimama, dhahabu imemjaa nyweleni.

"Hiki ndicho ulichokuwa unanificha?"

"Ningekificha vipi, nacho kimezaliwa sasa hivi?"

Nakijwa akaanza kuikung'uta dhahabu. Mgongoni mtoto akasema, "Mama, baridi."

Basi, wanangu, ukimshuku mwenzako, muulize, na akijibu, msikilize.

Kisa kimefika. Anayekitaka akipokee, asiyekitaka amwachie jirani.